Mtaro wa Msingi na Mvua ya Usiku

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya jikoni, twende kiwanjani. Wengi wetu ndio tunaobaki na fundi wakati baba yuko kazini au safarini.

Sisi tulipojenga huku Buswelu, mtaro wa msingi ulichimbwa wote mwezi wa Novemba, kabla hata kokoto hazijafika. Usiku wa tatu ikaja ile mvua yetu ya ziwani, yenye radi na upepo. Asubuhi nikakuta mtaro umejaa maji na upande mmoja umeporomoka. Fundi akachota maji ya juu, akasema, "Mama, hilo tope litakauka humo humo chini ya zege." Nikaona haya kumbishia mbele ya vibarua. Zege likamwagwa. Leo pembe ya jiko letu ina ufa. Tumeuziba mara tatu, na kila mara unarudi.

Tope lililofunikwa na zege haliwi gumu kama udongo ambao haujaguswa. Nyumba ikilemea, linabonyea, tena halibonyei sawa pande zote. Hapo ndipo ukuta unapopasuka.

Mvua zetu ni za Oktoba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri wa kuchimba, lakini zamu yako ya upatu ikiangukia Novemba, utajenga Novemba. Basi jembe lisiingie ardhini mpaka mchanga, kokoto, saruji na maji viwe kiwanjani. Mwambie fundi abakize sentimita 15 za mwisho, zichimbwe asubuhi ile ile ya kumwaga zege. Mvua ikinyesha usiku, itakuwa imelowesha udongo ambao ungetolewa tu.

Kwenye vilima kama Isamilo au Igogo jiwe halinywi maji, yote yanateremka kwako. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa kiwanja, uyapitishe pembeni. Udongo uliotolewa ukae mbali na ukingo, walau hatua moja. Jioni funika mtaro kwa turubai lililoinuliwa katikati kwa miti, ili maji yamwagikie nje. Ligandamize kwa mawe. Hayo Mwanza hatukosi. Saruji nayo ipangwe juu ya mbao, si chini, na ifunikwe nailoni.

Maji yakiingia hata hivyo, chimba shimo dogo pembe ya chini ya mtaro, yakusanyike hapo, uyachote kwa ndoo. Kisha tope likwanguliwe lote. Chukua kipande cha nondo ukisukume chini kwa mkono: kikizama kama kwenye ugali, bado. Palipochimbika zaidi pajazwe zege, wala si udongo wa kurudishia. Na kumbuka, mchanga ulionyeshewa tayari una maji, hivyo yapunguzwe wakati wa kukoroga.

Wenye viwanja vya mbuga, ule udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo mtaro usikae wazi hata juani. Huko mwiteni mhandisi kabla ya kuchimba. Na mtaro ukijaa maji bila mvua, hayo ni maji ya ardhini, turubai halitasaidia. Walio jirani na ziwa wanajua: Mei 2020 lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tukae mita 60 kutoka ufukweni.

Jirani yangu alipoanza kujenga, aliniita asubuhi baada ya mvua. Tukachukua nondo, ikazama. Fundi akanung'unika kwamba vibarua wanadai siku nzima, na kweli ilibidi walipwe siku ya ziada. Walikwangua hadi saa nane mchana, tukarudisha turubai, na zege likamwagwa kesho yake.