Mafuta ya karai yasiishie chemba

Fundi bomba anayefungua chemba ya jikoni Sinza, Tabata au Mbagala haulizi nyumba hiyo inapika nini. Anakuta matonge meupe ya mafuta yaliyogandana na punje za wali, majani ya chai na nyuzi za waya wa kusugulia masufuria. Anayachota, anayatia kwenye ndoo, analipwa na kuondoka. Baada ya miezi michache anaitwa tena, kwa sababu karai la maandazi bado linamwagwa pale pale.

Mafuta yaliyotumika yasimwagwe kwenye sinki, chooni wala mtaroni. Na halmashauri zetu ziwape wananchi mahali pa kuyapeleka, maana katazo peke yake litamwacha mama na dumu lake mlangoni hajui aende nalo wapi.

Wengi huamini kwamba maji ya moto na sabuni ya vyombo yanamaliza kazi. Kinachotokea ni kuyasogeza mafuta mbele tu. Sabuni huyavunja kuwa matone madogo yakapita sinki bila tabu, lakini mita chache baadaye maji yanapoa, matone yanakutana tena na kushika kuta za bomba. Mafuta ya kuganda, shahamu ya ng'ombe na mafuta ya kuku huganda mapema zaidi. Yakichanganyika na kalisi iliyomo kwenye majitaka, hugeuka kitu kama sabuni ngumu isiyoyeyuka. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilikutwa bonge la aina hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, limeshikamana na taka za chooni. Wafanyakazi walilivunja kwa wiki kadhaa. Na London ina mabomba makubwa ya majitaka tangu karne ya 19.

Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka; kila moja ina shimo lake. Hapo hasara haiendi mbali, inabaki uani. Mafuta hayazami. Yanaelea juu ya shimo na kufanya utando mzito, na yanayopita huingia kwenye shimo la kunyonyea na kuziba vinyweleo vya udongo. Udongo ukishashiba mafuta haunywi maji tena. Shimo lililojengwa lidumu miaka linajaa mapema, na mwenye nyumba anaita gari la kunyonya. Asiye na fedha ya gari anasubiri mvua kubwa, kisha anatapisha. Majitaka yanapita milangoni mwa watu, yanaingia visimani, na kipindupindu kinapata njia. Hatusemi kila shimo linalotapishwa limejazwa na mafuta. Tunasema mafuta yanaliharakisha, na hilo tunaweza kulizuia leo bila kusubiri mradi wowote.

Kumwaga nyuma ya nyumba si nafuu. Udongo wenye mafuta hausharabu maji, na panya na mende huitana. Kwenye mtaro, mafuta husafiri hadi Mto Msimbazi na kutanda juu ya maji, yakizuia hewa isiingie.

Nyumbani kazi yenyewe ni ndogo. Mafuta yapoe kabisa kwanza, kwa sababu yakiwa moto huyeyusha chupa ya plastiki na kumwunguza aliyeishika. Yachujwe, yatiwe kwenye chupa au dumu lenye kifuniko, na juu yake paandikwe wazi kwamba YAMETUMIKA, ili mtoto au dada wa kazi asije akayadhani mapya. Karai lipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Hatua hiyo moja huokoa bomba kuliko sabuni yoyote. Kama mafuta ni kidogo, yachanganywe na majivu ya mkaa au maranda ya fundi seremala mpaka yakauke, kisha yafungwe vizuri na kwenda na taka. Maranda yaliyolowa mafuta huwashia jiko la mkaa vizuri, lakini mafuta yenyewe yasimwagwe kamwe kwenye moto unaowaka. Na karai likishika moto, usilimwagie maji. Maji huzama chini ya mafuta, yanachemka ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko, funika karai.

Wapo wanaotengeneza sabuni kwa kostiki soda. Ni kazi ya heshima, ila kostiki huchoma ngozi na kupofusha macho. Nyumba yenye watoto iwaachie wenye vipimo na glavu.

Tunaelewa kwa nini mafuta hutunzwa mpaka tone la mwisho. Nchi hii huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na Indonesia iliposimamisha kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23, 2022, kila mwenye sufuria aliisikia bei. Kuyarudia mafuta yaliyochujwa mara moja au mbili kuna hesabu yake. Yakiwa meusi, yanatoa povu, yananata kwenye kijiko na kufuka moshi kabla ya kupata moto sawasawa, yameshaharibika. Hayo hayarudi kwa familia, na wala hayauzwi kwa mtu atakayewakaangia chipsi watoto wa wenzetu. Anayepita nyumba kwa nyumba akinunua mafuta machafu aulizwe anayapeleka wapi. Asiyekuwa na jibu asipewe.

Kuna kazi halali ya kuyafanyia. Mafuta haya husafishwa na kugeuzwa dizeli, hata mafuta ya ndege. Novemba 28, 2023, ndege ya Virgin Atlantic ilivuka kutoka London hadi New York kwa mafuta yaliyotokana kwa sehemu kubwa na mabaki ya mafuta ya kupikia na ya wanyama. Miezi sita kabla yake, Kenya Airways ilitoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa imechanganya mafuta ya aina hiyo kwenye matangi yake.

Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa zaidi ya milioni 5.3. Tuseme kila watu watano wanamwaga robo lita kwa mwezi, yaani glasi moja. Ni zaidi ya lita 260,000, madumu ya lita ishirini yasiyopungua 13,000, kila mwezi, chini ya nyumba zetu.

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri za Dar es Salaam ziweke pipa la mafuta yaliyotumika katika kila soko na kila ofisi ya serikali ya mtaa, lenye kifuniko na mtu anayewajibika nalo. Wanunuzi wasajiliwe, waeleze mafuta yanaishia wapi, na daftari likaguliwe. Hoteli na migahawa ilazimishwe kuwa na chemba ya kunasa mafuta na kuisafisha, kwa sababu haiwezekani kumwambia mama wa Manzese apanguse karai lake wakati jiko la wageni mia mbili linamwaga ndoo nzima. Wananchi hawa si wagumu wa kubadilika: Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na watu walirudi sokoni na vikapu vyao.

Masika huanza Machi. Mapipa ya kwanza yawe yamekwisha kuwekwa Februari.