Wa Mwisho Katika Orodha

Mtafiti anayetaka kuchunguza mapafu ya wafanyakazi 400 wa machimbo, tuseme huko Mwadui, hana uwezo wa kumpiga kila mmoja picha ya kifua. Huwagawa katika makundi 40 ya watu 10, kisha huiagiza kompyuta itoe namba kamili ya nasibu kwa kila kundi, kuanzia 1 hadi 10. Afanyavyo ni vyema kuliko kuwaokota walio karibu na lango, maana mgonjwa aliyebaki nyumbani hapiti langoni.

Walakini hitilafu hujificha mipakani. Katika lugha ya Python, amri ya randint(1, 10) huhesabu ncha zote mbili. Randrange(1, 10) hukomea 9. Aliyeandika ya pili akidhani ni ya kwanza amewafuta watu 40, mmoja katika kila kundi, hata kura irudiwe mara elfu. Na orodha ikiwa imepangwa kwa tarehe ya kuajiriwa, aliyefutwa ni yule yule daima: mgeni wa kundi lake, kibarua aliyeingia juzi, ambaye pengine alikwisha kuvuta vumbi la mawe kwenye vishimo vya dhahabu vya Geita.

Hila ya kugawanya na kuchukua baki nayo ina dosari. Chanzo kitoacho namba 0 hadi 255, kikigawanywa kwa 100, huzipa baki za 0 hadi 55 nafasi tatu, na za 56 hadi 99 nafasi mbili tu.

Kura si jambo dogo katika ukanda huu. Utafiti mashuhuri wa Mwanza, Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, ulizipanga jamii 12 katika jozi 6, na kura ikaamua zipi zitangulie kupata tiba bora ya magonjwa ya ngono. Matokeo ya 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40. Kura ile ingepindwa, nani angeyasadiki?

Kwa hiyo kamati ya maadili inayohoji ukubwa wa sampuli yapasa ihoji pia amri iliyoichagua, pamoja na namba ya mbegu iliyoianzisha, iandikwe kabla ya kura ili mwakilishi wa wafanyakazi aweze kuirudia kwa orodha ile ile na toleo lile lile la programu. Kuipima amri hakuchukui hata robo saa: iendeshwe mara elfu moja, kisha itazamwe kama 10 imetokea.