Mwewe Hapigwi Picha kwa Pupa

Kama wewe ni mkaaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, bila shaka umewahi kusikia kunguru wakipiga kelele zisizo za kawaida, wote wakizunguka juu ya mti mmoja kana kwamba wamemfumania mwizi. Aghalabu sisi hufunga dirisha na kuwalaani. Siku nyingine zitokeapo kelele hizo, toka nje utazame juu. Huenda ukamwona mwewe, au kipanga, au hata furukombe aliyepita kutoka mkono wa bahari. Kunguru hawamwachi ndege mla nyama apite kwa amani, na mpiga picha mwerevu huzifuata kelele zao kama mtu afuataye ngoma ya harusi.

Haya sikuyajua mpaka mpwa wangu aliponijia na kamera ya kuazima, yenye lenzi ndefu mfano wa mchi. Kijana huyu ni mwanafunzi wa chuo, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: kumpiga picha mwewe akiwa angani, mbawa zote zimekunjuliwa. Nami, kwa kuwa enzi zetu filamu moja ilikuwa na picha 36 na kila moja ilihesabiwa kama senti za mwisho wa mwezi, nilitamani kuona kamera za siku hizi zafanyaje kazi. Tukafunga safari hadi Mtongwe, kusi ikiwa ukingoni, kwenye shamba la mzee mmoja tunayejuana naye.

Juu ya mwembe mkubwa palikuwa na kiota cha vijiti, kimetandikwa vitambaa na karatasi za plastiki. Mwewe alikuwa ndani, mdomo wake wa manjano umechomoza. Tulingoja robo saa. Hakutikisika.

"Mjomba, huyu yuwalala tu," mpwa wangu akanung'unika. "Nitampataje akiruka?"

Mzee mwenye shamba, aliyekuwa akifua nazi karibu, akasema bila ya kuinua macho, "Mwanangu, yule halali. Yuwaatamia."

Hapo ndipo nilipokosa, na kosa hili silisukumi kwa kijana. Alipookota kumbi la nazi na kunitazama, mimi mtu mzima nilisema, "Haya, jaribu mara moja." Akalivurumisha kumbi, likagonga shina. Mwewe akaruka, kamera ikalia mfululizo. Kijana alikuwa angali akizitazama picha zake kwa furaha, kunguru watatu walipotua kiotani. Mmoja akaondoka na yai mdomoni. Mwewe aliporudi na kuwafukuza, mambo yalikuwa yamekwisha.

Mzee akaweka nazi yake chini. "Picha umeipata," akamwambia. "Na kunguru naye kapata chake."

Njiani kurudi kivukoni hatukuzungumza. Nilimuuliza mzee kabla ya kuondoka iwapo hamchukii ndege yule ambaye kila mtu anajua huiba vifaranga. Akanijibu kuwa kweli huiba, lakini hula panya pia na kusafisha mizoga. Na kwamba kunguru amemlia vifaranga na mayai mengi zaidi. Mzee hakukosea. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu: ni mgeni kutoka Bara Hindi aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, akaenea pwani nzima. Uharibifu wake ni mkubwa hata mnamo 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Mahali penye kunguru wengi kiasi hicho, kumwondoa ndege kiotani hata kwa dakika tano ni kumfungulia mwizi mlango.

Basi, kwa vijana na wazazi wanaopenda safari za kutazama ndege, tuyaseme yafaayo.

Kwanza, huna haja ya kwenda mbali. Mwewe yuko kila mahali penye taka na samaki. Zamani waliojaa zaidi walikuwa Kibarani, kule Changamwe, kabla jaa lile halijafungwa mwaka 2018 na taka kupelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Ukimwona ndege wa kahawia anayeelea huku akipindapinda mkia wenye panda kama usukani wa mashua, huyo ndiye mwewe. Kandokando ya mikoko ya Port Reitz na Tudor, tafuta furukombe, mwenye kichwa na kifua cheupe, ambaye sauti yake husikika kabla hajaonekana. Wakati wa kaskazi huja pia mvuvi mgeni kutoka Ulaya na Asia, mwenye mstari mweusi uliopita machoni. Yeye hujitupa majini miguu mbele na kuibuka na samaki. Kwa familia zenye watoto wadogo, Kisauni kuna hifadhi ya Nguuni, yenye mikoma na vidimbwi, na Bamburi kuna bustani ya Haller, iliyokuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji hadi Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971.

Pili, wakati. Fika alfajiri, tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, jua likiwa chini na ndege wakiwa bado matawini. Kuanzia saa nne, ardhi hupata moto, hewa moto hupanda, nao tai na mwewe huipanda kama ngazi hadi wakawa nukta tu mbinguni.

Tatu, mahali pa kusimama. Liweke jua nyuma yako ili limwangaze ndege. Tena utazame upepo, kwani ndege mkubwa huruka akielekea upepo utokako. Upepo ukikupiga kisogoni, kuna uwezekano mkubwa akaja upande wako badala ya kukuonyesha mkia. Naye hatoki bila ya dalili: huinama, hutikisa mbawa, mara nyingi hutoa kinyesi kwanza, kisha huondoka. Ukiona hivyo, kidole kiwe tayari. Huu ndio ujuzi ambao ungemtosha mpwa wangu badala ya kumbi la nazi.

Nne, kamera yenyewe. Kwa ndege arukaye, mwendo wa kufungua na kufunga usipungue sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mbingu yetu ya pwani ni nyeupe na hudanganya kamera. Ndege hutoka mweusi kama mkaa. Ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka. Na asiye na lenzi ya maelfu ya shilingi asikate tamaa. Wanafunzi wengi huweka simu zao kwenye jicho la darubini ya kawaida, na picha zikatoka za kuridhisha kabisa kwa ndege aliyetua.

Tano, tahadhari. Kivukoni Likoni, bandarini, uwanja wa ndege na karibu na kambi ya wanamaji Mtongwe, kamera ibaki mkobani. Askari hajui kama unamtazama mwewe au meli, wala si kazi yake kubahatisha.

Sita, na hili ndilo kubwa, usimkaribie ndege kiotani, usimrushie kitu, wala usimtegee kifaranga ili ashuke. Akianza kukukodolea macho na kulia, umekwisha kuvuka mpaka. Rudi nyuma.

Yamkini kuna msomaji atakayeuliza, "Picha ya ndege itamsaidia nani, na maisha ni magumu hivi?" Nitamjibu kwa kisa cha kozi wa Amur. Ndege huyu ana uzito usiofika gramu 200, mwepesi kuliko robo kilo ya sukari. Huzaliana Siberia na Uchina, kisha hupita India, akakata Bahari ya Hindi, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, hadi akafika Afrika Mashariki mwezi wa Novemba na Desemba. Hapa kwetu hula kumbikumbi wa mvua za vuli huko Tsavo kabla ya kuendelea kusini. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland huko India, ndege hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu makumi ya maelfu kandokando ya bwawa la Doyang na kuuzwa kama kitoweo. Watu wachache walikwenda na kamera, wakapiga picha na filamu, ulimwengu ukaona. Wanakijiji wenyewe wakakaa kikao na viongozi wao, na msimu wa 2013 mauaji yale yakakoma. Kwa hivyo huenda kozi anayepita juu ya kichwa chako mwaka huu yuko hai kwa sababu ya picha.

Nasi Wakenya tuna haja ya mashahidi kama hao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Darcy Ogada na wenzake ulilinganisha hesabu za ndege barabarani za miaka ya 1970 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizochunguza, wengi wao wakiwa ndege wala nyama, aina 19 zilikuwa zimepungua. Sumu, nyaya za umeme na kupotea kwa makao yao ni miongoni mwa sababu. Picha yenye tarehe na jina la mahali, hata ya mwewe wa mtaani, ni ushahidi kwamba siku fulani, Changamwe, alikuwako.

Wahenga walisema: Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege huyu ni bwana wa shughuli zake mwenyewe. Akiamua kukaa, atakaa. Akiamua kuwinda, atawinda. Kazi ya mpiga picha ni kungoja.

Mpwa wangu aliyaelewa haya. Zile picha za siku ya kwanza alizifuta zote, ingawa sikumwambia azifute. Majuma mawili baadaye alirejea Mtongwe peke yake, akaomba radhi kwa mzee, akaketi chini ya mkorosho mbali na mwembe, kimya, tangu alfajiri. Mwewe alikuwa angali kiotani, maana walau yai moja lilisalia. Saa tatu kasorobo alisimama mwenyewe, akainama, akaondoka kuelekea upepo, akapita juu ya kijana huyo mbawa wazi. Mwenziwe alikuwa tawini akilinda, na kunguru hawakuthubutu.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwa mzee, ndani ya fremu. Nilipokwenda kumjulia hali alinionyesha kwa fahari, kisha akanong'ona, "Kifaranga kimoja kilitoka. Na wiki iliyopita babake kaniibia cha kuku."

Alikuwa akicheka.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.