Mto Tana Katika Nyimbo na Hadithi



Mtu akitajiwa Mto Tana, mara hukumbuka mambo mawili: umeme na mafuriko. Si ajabu. Mto huu, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, ndio mrefu kupita yote ya Kenya, na kati ya mwaka 1968 na 1988 ulijengewa mabwawa matano, Kindaruma likiwa la kwanza na Kiambere la mwisho. Lakini Tana umetupa pia mali isiyopimwa kwa mizani wala kwa shilingi, nayo ni nyimbo na hadithi. Juma hili tuzungumze habari za mali hiyo.

Tuanze na wimbo ambao kila mtoto wa shule katika Kenya aujua. Mwaka 1963, Uhuru ulipokaribia, kamati ya mabingwa watano wa muziki, ikiongozwa na Bwana Graham Hyslop, iliandaa wimbo wa taifa. Kamati hiyo haikuazima sauti kutoka Ulaya. Ilichagua sauti ya wimbo wa kubembelezea watoto, uimbwao na akina mama wa Kipokomo, watu walimao mpunga na ndizi kando ya Tana ya chini. Basi tangu Desemba 1963 wakubwa wa Serikali, askari na wanafunzi husimama wima kwa heshima, wakiisikia sauti ambayo kwanza iliimbwa ili mtoto anyamaze alale. Heshima iliyoje kwa mama tusiyemjua hata jina!

Sasa tuufuate mto hata Kipini, mahali unapoingia baharini. Huko ndiko nchi ya Liongo Fumo, shujaa na mshairi wa Waswahili. Hadithi humweka Ozi, karibu na mlango wa mto, na kaburi lake huonyeshwa Kipini. Wengi wajua kwamba aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba. Lakini yafaa tukumbuke pia jinsi alivyotoka kifungoni. Mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada. Kisha Liongo akawafundisha watu waliokuwa nje wimbo. Wakaimba na kupiga ngoma, naye katika kelele hizo akakata minyororo yake asisikike. Wimbo ndio uliomwokoa.

Habari za Liongo zilibahatika kuandikwa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alizipiga chapa mwaka 1870, na Muhammad Kijuma wa Lamu alizitungia utendi mwaka 1913. Kwa hiyo mtu wa Kisumu au Nyeri aweza kuzisoma leo. Lakini wimbo wa mama wa Kipokomo, Wakenya wengi waijua sauti yake tu; maneno yake ya asili hawayajui. Na je, ni nyimbo ngapi za makasia, za mashamba na za arusi ambazo hazikupata kusikiwa na kamati yo yote? Mzee akifa, huzikwa nazo. Tena maisha ya kando ya mto yanabadilika. Mabwawa ya juu yamepunguza maji ya gharika yaliyorutubisha mashamba ya chini, na wimbo wa kazi hauishi siku nyingi kazi yenyewe ikiisha kuachwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu na vijana wa Hola, Garsen, Ngao na Kipini. Msingojee wageni waje na vyombo vyao. Nunueni daftari, mwende kwa bibi zenu jioni, mwandike maneno kama yanavyoimbwa, pamoja na jina la mwimbaji, kijiji chake na tarehe. Kazi hii haitaki fedha nyingi, bali yataka subira na adabu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo nazo ni mali.