MIZANI YA BENKI NJEMA

Mshahara wa askari hupatikana kwa jasho, na mara nyingi baba au mama yuko lindoni mbali siku ile karo na dawa zinapohitajika nyumbani. Kwa hiyo kuijua benki ifanyayo kazi ipasavyo ni jambo la kila jamaa. Leo na tupime mabenki ya nchi mbili jirani, Uganda na Tanzania.

Kila nchi ilikuwa na benki kubwa ya serikali. Uganda Commercial Bank iliundwa mwaka 1965. Tanzania nayo ilitaifisha mabenki Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, ikaunda Benki ya Taifa ya Biashara. Yote mawili yalifungua matawi hata mbali na miji mikuu, na hilo lilikuwa jema. Lakini mikopo mingi haikurudishwa, na mzigo ukaielemea hazina ya taifa.

Tanzania ilikwenda hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1997 benki ile kubwa iligawanywa, na Benki ya Makabwela, NMB, ikazaliwa. Sehemu kubwa ya NBC iliuzwa mwaka 2000, na hisa za NMB zikafuata mwaka 2005. Uganda ilipita njia yenye miiba: mauzo ya kwanza ya mwaka 1998 yalivunjika, Benki Kuu ikaitwaa benki hiyo mwaka 1999, na asilimia 80 ikanunuliwa na Stanbic mwaka 2002. Katika miaka ile ya 1998 na 1999 mabenki mengine matatu yalifungwa.

Funzo ni nini? Kuuza benki si dawa peke yake, wala kuimiliki si dawa. Dawa ni mikopo kulipwa na msimamizi kuwa macho.

Mizani yenyewe ni nyepesi. Tuseme benki inakupa riba ya shilingi 3 kwa kila 100 ulizoweka, nayo inamtoza mkopaji 18. Pengo ni 15. Humo hutoka mishahara ya makarani, hasara ya mikopo mibovu na faida ya wenye benki. Benki yenye kazi nzuri hupunguza pengo hilo. Benki yenye uzembe humlipisha mteja uzembe wake.

Basi, kabla ya kuweka fedha, mume na mke waulize pamoja: riba ni ngapi, makato ni mangapi, na benki ikianguka nani atalipa? Nchini Uganda, tangu mwaka 2019, kinga ya amana hufika shilingi milioni 10 kwa mteja katika kila benki. Ulizeni pia kama chama chenu cha akiba na mikopo kimo katika kinga hiyo.

Akiba haiozi, ila huibiwa na asiyeulizwa.