Tumuuguze Kinyonga, Kisha Tumwachilie

Katika kurasa hizi za maoni wenzangu wamewahi kuandika juu ya karo, unadhifu, matatu na ndoa za mapema. Mimi leo naomba nafasi nimtetee kiumbe asiyejua kusoma wala kuandika, na ambaye wengi wenu mkimwona njiani mnavuka kwenda upande wa pili. Namzungumzia kinyonga.

Maoni yangu ni haya: kinyonga mgonjwa au aliyeumia anastahili kuuguzwa. Lakini auguzwe kwa maarifa, na akishapona arudishwe mtini kwake. Huruma peke yake haitoshi. Huruma bila maarifa nimeiona kwa macho yangu ikikaribia kuua.

Kwanza tuzungumzie hofu, maana hofu ndiyo inayookota jiwe. Nyanya yangu alinisimulia hadithi ambayo bila shaka wengi wenu mmeisikia. Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akaenda kwa mwendo wake ule wa kuyumbayumba, hatua mbele, hatua nyuma. Alipofika akaanza kugugumiza maneno, na kabla hajamaliza ndege akaja na ujumbe mwingine, kwamba watu watakufa. Wazulu wa Afrika Kusini nao wana hadithi kama hiyo, ila kwao aliyemtangulia kinyonga ni mjusi. Hadithi hii siitupi. Ni fasihi simulizi na tunatahiniwa nayo. Lakini hebu isikilizeni vizuri: kinyonga ndiye aliyebeba habari njema! Kosa lake lilikuwa kuchelewa tu. Kama kuchelewa ni hatia ya kupigwa mawe, basi sisi wa shule ya kutwa tusingefika kidato cha tatu hata mmoja.

Wengine husema ana sumu, ati akikuuma huponi. Hana sumu yoyote, wala mate yake hayana ubaya. Ukimkamata kwa nguvu anaweza kukufinya kidole kwa taya zake, basi. Hata hivyo wapo watu wanaomtia tumbaku mdomoni ili waone akigeuka mweusi, kisha wanacheka. Mnyama anakufa huku watu wanashangilia rangi.

Sasa niwaeleze nililoshuhudia. Katika likizo ya Aprili mwaka 2025 mvua ilikuwa imeanza, na wavulana wa mtaa wetu walimpata kinyonga wa pembe tatu nyuma ya vibanda vya mboga. Walikuwa wamemchokora kwa vijiti tangu asubuhi. Mimi na dada yangu mdogo tulimtoa pale kwa kumwekea tawi la mpera mbele yake, akalipanda mwenyewe polepole, tukalibeba tawi lote. Mama alisema mnyama huyo hataingia nyumbani mwake. Na kweli hakuingia. Alikaa nje, kwenye mpera ulio karibu na tangi la maji.

Hali yake ilikuwa mbaya. Rangi yake ilikuwa ya majivu meusi, macho yamezama ndani, na aliyafumba saa sita mchana jua likiwaka. Mguu mmoja wa nyuma haukushika tawi sawasawa. Habari zikaenea, na kila aliyekuja akawa daktari. Mmoja alileta maziwa kwenye kifuniko. Mwingine akaleta kipande cha ugali. Mwingine akataka tumpanue mdomo tumtilie maji kwa kijiko. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alipendekeza tumfunike kwa blanketi karibu na jiko. Wote hawa walikuwa na huruma, tena ya kweli. Lakini lau tungewasikiliza wote, tungemzika kesho yake.

Kwa bahati, daktari wa mifugo alikuja siku ile kumtazama ng'ombe wa jirani, tukamwomba amwangalie na mgonjwa wetu. Alisema mguu haujavunjika, umeteguka tu. Kinachomuua, akasema, ni kiu. Macho yaliyozama ndiyo dalili yake kubwa. Baba naye aliipigia simu ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, akaambiwa tusimsafirishe, tumweke penye utulivu, na akipata nguvu tumwache aende. Shule zilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu wetu wa bayolojia mengi zaidi, naye akanieleza sababu za kila jambo. Nayaandika hapa ili mwenzangu akimpata kinyonga mgonjwa asianze kubahatisha.

Jambo la kwanza ni maji. Kinyonga kwa kawaida hanywi kutoka kwenye bakuli. Maji yaliyotulia hata hayatambui. Porini hulamba matone ya umande na mvua kwenye majani. Kwa hivyo tulitoboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano, tukawa tunanyunyizia majani yaliyo mbele yake asubuhi na jioni, polepole kama manyunyu. Kumtilia maji mdomoni kwa nguvu ni hatari, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu.

La pili ni jua. Mnyama huyu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hulipata kutoka nje. Jua la asubuhi humpa nguvu ya kusaga chakula, na miale yake huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo madini ya kalsiamu hayafanyi kazi na mifupa hulegea. Lakini jua bila kivuli huua. Mpera ulikuwa na vyote viwili, naye akachagua mwenyewe saa ya kuota jua na saa ya kujificha. Karibu na jiko angepata moshi na joto asiloweza kulikimbia.

La tatu ni chakula. Kinyonga hula wadudu walio hai: panzi, nzi, nyenje. Ugali si chakula chake, na maziwa si kinywaji chake. Dada yangu alikuwa mwindaji hodari wa panzi, lakini tulimkataza kuwaleta kutoka shamba lililopigwa dawa, maana sumu ya panzi ingekuwa sumu ya kinyonga.

La nne, na ndilo gumu kuliko yote, ni kumwacha. Kinyonga hapendi kushikwashikwa. Kwake mkono wa mtu ni mkono wa adui, hata ukiwa unambembeleza. Tuliufunika mpera kwa chandarua kikuukuu ili kuku na paka wasimfikie, tukawa tunamtazama kutoka mbali.

Siku ya tatu jicho moja lilianza kuzunguka huku jingine limetulia. Siku ya tano panzi alitua mbele yake, na ulimi ukatoka na kurudi kabla sijapepesa macho. Ulimi wa kinyonga unaweza kuwa mrefu kuliko kiwiliwili chake! Dada yangu alipiga yowe la furaha mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Rangi ya majivu ikaanza kuondoka, kijani kikarudi.

Hapa naomba niseme neno juu ya rangi. Tumezoea kuwaita wanasiasa wanaohama vyama vinyonga. Nadhani tunamkosea kinyonga. Watu wengi hudhani anageuza rangi ili adanganye na kujificha. Ukweli ni kwamba hasa hugeuza rangi kwa sababu ya joto, baridi, hasira, woga au kumtafuta mwenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswizi, walichapisha utafiti walioufanya kwa kinyonga wa Madagaska. Walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna chembechembe ndogo mno zinazoakisi mwanga, na kinyonga akizisogeza karibukaribu au mbalimbali, rangi hubadilika. Kwa hivyo ngozi yake hutangaza hali aliyo nayo. Akiwa mgonjwa huonekana mgonjwa. Huyo mwanasiasa wenu hutangaza nini?

Alipopona ndipo ubishi ulipoanza. Dada yangu alilia, akataka akae nasi daima. Marafiki wakasema ati tumejenga urafiki naye. Kijana mmoja wa steji ya matatu akaja na shilingi mia tano mkononi. Sikilizeni, shilingi mia tano kwa mwanafunzi wa kutwa si kitu kidogo. Ni nauli na chakula cha mchana kwa siku kadhaa. Hata Baba alinyamaza kidogo. Lakini msimamo wangu ulikuwa mmoja, nao ungali uleule: kumwokoa mtu kwenye maji hakumfanyi awe mtumwa wako.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kinyonga wa pembe tatu pia amewekwa chini ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini kati ya nchi na nchi. Na msidhani sheria inawaangalia ndovu na vifaru tu. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kujaribu kusafirisha sisimizi hai nje ya nchi. Ikiwa sisimizi ana thamani hiyo machoni pa sheria, kinyonga je?

Tena kuna kisa kinachonifanya niseme arudishwe kwake, si popote tu. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kadhaa walisafirishwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama wa kufugwa. Walifika wamekonda na wamekauka kwa kiu baada ya safari. Mwenye duka akawahurumia, akawaachia kwenye bustani ya nyumba yake wapate nafuu. Wakapata nafuu kweli, kisha wakaenda zao. Jike la aina hii halitagi mayai bali huzaa watoto wengi kwa mara moja, na leo wameenea katika visiwa kadhaa huko. Wanakula wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingineko duniani, na sasa ni tatizo. Mwaonaje? Yule bwana hakuwa na nia mbaya. Aliwauguza, lakini aliwaachia mahali ambapo si kwao.

Ndiyo sababu siku ya kumi na mbili tulimrudisha kinyonga wetu kwenye ua wa miti ulio nyuma ya vile vibanda vya mboga, hatua chache tu kutoka pale tulipomtoa. Tulichagua asubuhi mapema kabla wavulana hawajaamka.

Najua wapo watakaouliza: watu wanalala njaa, nawe unauguza kinyonga? Swali hili niliulizwa mara nyingi, na silidharau. Jibu langu ni kwamba kinyonga huyu hakumnyima mtu chakula. Matibabu yake yalikuwa maji ya chupa moja kwa siku, panzi wa bure na chandarua kilichokwisha kazi. Isitoshe, kila siku anakula wadudu, na baadhi yao ndio wanaotafuna mboga zetu. Na tena, wale waliouliza swali hilo sikuwaona siku hiyo wakimpelekea mwenye njaa sahani ya chakula. Mkono uliozoea kusaidia hausaidii mmoja tu. Dada yangu, ambaye zamani aliwakimbia hata mijusi, sasa husema anataka kusomea udaktari wa mifugo.

Mwisho, nina neno kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Mwaka 2006 wataalamu waliunda jina jipya la kisayansi kwa kundi moja la vinyonga wa Afrika, wakaliita Kinyongia. Mmoja wao anaishi katika vilima vya Taita hapa kwetu Kenya. Jina hilo limetoka katika neno letu, kinyonga. Wataalamu wa ulimwengu wanaliandika kwa heshima vitabuni. Sisi wenye neno tunaliandika kwa mawe barabarani. Je, hiyo si aibu?

Kwa hivyo nawaomba. Ukimkuta kinyonga mzima, mpishe apite. Ukimkuta mgonjwa, mpe tawi, majani yenye maji, kivuli na utulivu. Wapashe habari watu wa wanyamapori, na umwite daktari wa mifugo akiwa na jeraha. Usimpe ugali wako. Akipona, mwache aende, hata kama moyo unauma. Moyo wangu uliuma, na sijuti.

Wahenga walinena kwamba tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda, na aliyekwenda zake ni yeye.