Odishini Nairobi Kesho Saa Tatu

Ujumbe huingia jioni, mara nyingi tukiwa tunafunga kazi: odishini ya tangazo, Nairobi, kesho saa tatu asubuhi, njoo na shati jeupe. Hausemi bidhaa ni ipi, malipo ni kiasi gani, wala nauli italipwa na nani. Sisi waigizaji tuko Migori, Awendo, Rongo, Oyugis, Homa Bay mjini, Mbita na Sori. Kutoka huku hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, usiku mzima ndani ya basi. Ujumbe ukiingia saa kumi na mbili, unabaki na saa mbili tatu za kutafuta nauli, shati na mtu wa kukushikia kazi.

Hilo la mtu wa kukushikia kazi ndilo linalotumaliza. Miongoni mwetu wamo walimu walioajiriwa na bodi za shule, wauguzi wa kandarasi, makarani wa kaunti, mawakala wa M-Pesa, wauza omena na waendesha bodaboda. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, lakini likizo huombwa mapema na odishini haijui mapema. Basi mwalimu anamsihi mwenzake amshikie kipindi cha Kiswahili, muuguzi anabadilishana zamu na kurudi moja kwa moja kazini akitoka stendi alfajiri, macho mekundu. Mwendesha boda hana likizo ya kuomba. Siku aliyokwenda Nairobi hakuingiza kitu, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni ileile.

Na ukifika huko? Unasubiri kwenye foleni hadi mchana, unapewa namba ushike kifuani, unataja jina, unageuka kulia, unageuka kushoto, unatabasamu kana kwamba umeonja kitu kitamu. Asante, tutakupigia. Muda uliosimama mbele ya kamera hautoshi kunywa chai.

Tunaambiwa kwamba anayeitaka sanaa aiache kazi ya mchana ajitoe mzima. Wanaosema hivyo hawalipi karo zetu. Mwaka 2021 mwigizaji Omosh, ambaye nchi nzima ilimjua kupitia kipindi cha televisheni cha Tahidi High, alijitokeza hadharani kuomba msaada, na Wakenya wakamchangia. Kama mtu aliyeingia sebuleni mwa kila mtu miaka yote ile alifika hapo, sisi wa tangazo moja kwa mwaka tukijaliwa tutaachaje mshahara, hata uwe mdogo? Kazi ya mchana ndiyo inayotulipia nauli ya kwenda kuigiza. Anayetuita alipaswa kuiheshimu kwa sababu inamnufaisha yeye pia.

Wala tusiambiwe kwamba huku hakuna wajuzi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 2,200,000 katika kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay. Wengi wetu tulipikwa katika Tamasha la Kitaifa la Maigizo na Filamu tulipokuwa shuleni, na tulipomaliza kidato cha nne tukajiunga na vikundi vinavyozunguka shule za upili kuigiza vitabu teule. Aliyewahi kuigiza Bembea ya Maisha ya Timothy Arege katika bwalo la chakula, bila kipaza sauti, mbele ya watahiniwa waliobanana hadi madirishani, hahitaji kufundishwa kutoa sauti. Tunachokosa ni pahali pa kuonekana. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo uko Nairobi tangu 1952. Huku tunafanya mazoezi kanisani siku ambayo kwaya haipo.

Kinachouma zaidi ni kwamba sura zetu na ziwa letu vinatakiwa. Tangazo likitaka wavuvi, kamera huletwa hadi ufuoni. Mvuvi mwenye maneno ya kusema ametoka Nairobi na wapiga picha, sisi tunapangwa nyuma tukivuta nyavu, na jioni tunapewa pesa kidogo mkononi bila karatasi yoyote. Na lafudhi yetu je? Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alimwigiza Mzee Ojwang katika kipindi cha Vitimbi kwa lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Tulimpenda na tunampenda bado. Alisikiliza jinsi wazee wetu wanavyozungumza akaifanyia kazi lafudhi hiyo kwa heshima. Waandishi wa matangazo waliomfuata walichukua kicheko peke yake. Ukiitwa kuwa bawabu au mjomba mwenye makelele, unaambiwa uongeze lafudhi. Ukijaribu nafasi ya daktari au meneja wa benki, unaambiwa lafudhi yako ni nzito. Lakini madaktari na mameneja wanaotuhudumia Homa Bay wanazungumza hivihivi tunavyozungumza, na wateja wanawaelewa.

Dawa ya nauli inajulikana. Wakati wa korona mwaka 2020, waliokuwa wakisema lazima uje mwenyewe walikubali kupokea video zilizopigwa kwa simu. Tulijifunza kusimama dirishani mwanga utupige usoni, tukanunua bando, tukatuma. Ikawezekana. Basi mchujo wa kwanza ubaki kwenye simu, na ujumbe utufikie wiki moja kabla. Watakaobaki wachache waitwe Nairobi kwa nauli ya anayewaita, au kamera ije Kisumu siku ya Jumamosi, tufike na kurudi bila kumwomba mtu ruhusa.

Halafu kuna malipo. Tangazo linapigwa leo, linaanza kuonekana mwezi ujao, na sisi bado tunaambiwa mteja hajalipa wakala, wakala hajalipa kampuni ya filamu, subiri siku 90. Siku 90 zikipita simu haishikwi. Mwenye nyumba hapa Migori hajawahi kukubali kwamba mteja hajalipa wakala. Na mama anayeuza mboga sokoni, akituona kwenye televisheni, anaamini tumeshatajirika, kwa hiyo hata kukopa sukuma wiki kunakuwa kugumu.

Mkataba, ukiwapo, unaletwa siku ya kupiga picha, taa zimeshawashwa na kila mtu anakungoja utie sahihi. Ndani yake imeandikwa kwamba sura yako itatumika popote na kwa muda wowote. Mwenzetu akishaitangazia benki moja, benki nyingine haimtaki tena, hata kama ile ya kwanza ilimlipa mara moja tu na bango lake bado limesimama barabarani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaichukulia picha ya mtu kuwa data yake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Sisi ridhaa tunaitoa, ila tuitoe tukiwa tumesoma. Mkataba utumwe pamoja na ule ujumbe wa jioni, uwe na kiasi cha malipo, siku ya kulipwa, na tarehe ambayo tangazo litakoma. Tarehe hiyo ikifika, bango lishushwe, au tuitwe tukubaliane malipo mapya.